Masomo ya nyumbani: mwaka huanza kupangwa Oktoba

Muhula wa tatu nchini Kenya hufungwa mwishoni mwa Oktoba, na shule hufunguliwa tena mapema Januari. Katikati pana wiki kama kumi hivi. Kwa mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani, hizo ndizo wiki za kupanga mwaka mzima. Akizimaliza zote kwa Krismasi na harusi za ukoo, Januari atafungua kitabu ukurasa wa kwanza na kuanza kusukuma siku, na kufikia Juni hatajua kama mtoto yuko mbele au amebaki nyuma. Makala haya ni ya mzazi huyo, hasa mwenye mtoto kati ya Gredi ya 1 na ya 9 ambaye anafuata mtaala wa Kenya au angalau hataki kuuacha mbali. Wenye mitaala ya nje nao nimewawekea neno lao.

Shauri langu kubwa ni kupanga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Wengi huanza dukani: wananunua vitabu vya gredi inayofuata, wanavigawa kurasa kwa siku, kazi imekwisha. Lakini kitabu hakijui mtoto wako atafanyia mtihani wapi, wala hakijui kwamba mwaka jana hakuelewa sehemu. Anza na mtihani ulio mbele yake, rudi kwa mtoto mwenyewe, halafu uhesabu wiki ulizo nazo. Kitabu kije mwisho.

Mtihani ulio mbele

Mtaala wa umilisi ulianza kutumika nchi nzima Januari 2019. Watoto walioanza nao wakiwa Gredi ya 3 mwaka huo walifanya KPSEA ya kwanza mwaka 2022 wakiwa Gredi ya 6, wakafanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025 wakiwa Gredi ya 9, na Januari 2026 wakaingia sekondari pevu. Mzazi wa masomo ya nyumbani aangalie sana jinsi alama zinavyokusanywa. Katika kumpangia mwanafunzi nafasi ya Gredi ya 10, asilimia 20 hutoka KPSEA, asilimia 20 hutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 hutoka KJSEA yenyewe. KPSEA nayo haisimami peke yake: tathmini za shuleni za miaka iliyotangulia huhesabiwa ndani yake.

Tathmini hizo Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) huzituma shuleni kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Shule huzifanyisha, husahihisha, kisha huziingiza alama humo humo. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha ya shule yoyote hana alama za kuingizwa. Ndiyo maana nasema kupanga Gredi ya 4 ni kupanga Gredi ya 9. Mzazi anayekumbuka jambo hili mtoto akiwa Gredi ya 8 huwa amekwisha kupoteza sehemu ya alama ambayo hakuna mtihani wa marudio utakaoirudisha.

Familia nyingine huafikiana na shule ya kibinafsi iliyosajiliwa ikamwandikisha mtoto na kumfanyisha tathmini pamoja na wenzake, huku masomo mengi yakiendelea nyumbani. Kama hiyo ndiyo njia yako, zungumza na mwalimu mkuu mwenyewe, si karani wa karo, na mapatano yaandikwe: mtoto atafika shuleni siku zipi, nani atasimamia kazi za mradi, ada ni kiasi gani. Shule itamhitaji awe na namba ya UPI, inayotolewa kupitia shule kwa kutumia cheti cha kuzaliwa. Cheti chenye jina lililokosewa herufi moja huweza kukukalisha kwenye foleni za ofisi kwa muda mrefu, kwa hiyo kikague sasa, Oktoba, kabla ya jambo lingine lolote.

Wanaofuata Cambridge wana hesabu nyingine. IGCSE hufanywa Mei na Juni, kisha tena Oktoba na Novemba. Mtahiniwa wa kibinafsi hujisajili kupitia kituo kinachokubali watu wa nje, na British Council ni miongoni mwa wanaoandaa mitihani hiyo nchini. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya karatasi ya kwanza, na si kila kituo hukubali kila somo. Masomo yenye kazi ya kukusanywa mwaka mzima au jaribio la maabara ndiyo hukataliwa mara nyingi. Kwa sayansi, uliza kama kituo kinatoa ile karatasi inayofanywa kwa kalamu badala ya maabara, kwa sababu jibu litabadilisha namna unavyofundisha miaka miwili yote. Wa ACE nao, wale wa vijitabu vinavyoitwa PACE, wanajua kwamba kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Tatizo lao si kupanga wingi, maana tayari umepangwa. Kazi iliyobaki kwao ni kuamua mapema cheti hicho kitampeleka mtoto chuo gani, na kukiuliza chuo chenyewe. Mitaala hii ya nje ina pengo jingine ambalo wazazi hawapendi kulitaja: mtoto anaweza kufika umri wa miaka 12 akijua marais wa Marekani na majira ya theluji, huku hajui kaunti yake inapakana na zipi wala masika ni miezi gani. Ukichagua mtaala wa nje, panga tangu mwanzo vipindi vya Kiswahili na Maarifa ya Jamii ya hapa. Vikiachwa viingie kwa nafasi, haviingii.

Sheria isiachwe mlangoni

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Sheria hiyo haikutenga sura ya masomo ya nyumbani, na wapo wazazi waliowahi kufikishwa mahakamani. Sisemi haya kukutisha. Nasema uamuzi huu usifanywe kwa kunong'ona na majirani. Pata ushauri wa wakili anayejua sheria ya watoto, na uwe na majalada yatakayoonyesha kwamba mtoto anasoma kweli: ratiba, kazi zenye tarehe, ripoti za tathmini. Chifu akibisha hodi, daftari lililojaa litakusaidia kuliko maneno mazuri. Ukiwa na mapatano na shule iliyosajiliwa, kama nilivyoeleza, unasimama pazuri zaidi.

Mpime mtoto kwa gredi aliyomaliza

Kosa la kawaida ni kumpima mtoto kwa kitabu cha gredi anayoingia. Bila shaka hataweza, kwani hajafundishwa. Mpime kwa gredi aliyotoka. Kwa kusoma, watafiti wa Uwezo waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba Afrika Mashariki walitumia ngazi rahisi ambayo mzazi yeyote anaiweza: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi yenye maswali. Mtoto wa Gredi ya 4 anayekwama kwenye aya hahitaji kitabu cha Gredi ya 4 kwa sasa. Anahitaji wiki sita za kusoma kila siku. Kwa kitabu cha kawaida, chagua kifungu cha maneno kama mia, mwache asome kwa sauti nawe ukihesabu kimya kimya. Akikwama maneno zaidi ya kumi, kitabu hicho ni kizito kwake kusoma peke yake. Kisome naye, lakini usimwachie.

Kwa Hisabati, mpe maswali machache kutoka kila mada ya mwaka uliopita, mkiwa wawili mezani, naye akieleza anavyofikiri. Jibu sahihi lililopatikana kwa kukariri litajitoa lenyewe atakapoulizwa kwa nini. Sehemu, desimali na kugawanya kwa namba kubwa ndiko watoto wengi huachia nyufa, na nyufa hizo hazionekani hadi sekondari msingi wakutane na aljebra. Andika mapengo yote kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo itakayojaza muhula wa kwanza, hata kama kitabu cha gredi mpya kimetulia kwenye rafu kwa wiki tatu.

Kumpima huku kuchukue siku chache, asubuhi, bila kuuita mtihani. Mtoto aliyetoka shuleni mwaka huu kwa sababu ya maudhi au ugonjwa anaweza kuhitaji muda mrefu zaidi kabla hajakubali kukaa mezani, na huo nao uweke kwenye mpango.

Una wiki 30, si 36

Mihula ya shule za Kenya katika miaka ya karibuni imekuwa ya wiki 13, 14 na 9. Jumla ni 36. Mzazi huzichukua zote akazigawia masomo, na hapo ndipo mpango hufia. Toa likizo fupi za katikati ya muhula. Toa sikukuu, Ramadhani na Idi kwa familia za Kiislamu, Pasaka kwa za Kikristo. Toa homa ya mtoto na homa ya mama. Toa msiba, kwa maana utakuwepo, na safari ya kwenda kupanda au kuvuna kwa babu. Ukitoa kwa uaminifu utabaki na wiki kama 30. Panga kazi ya wiki 30. Zikizidi, utazifurahia, lakini aliyepanga 36 huanza kuruka mada ifikapo Septemba, na anazoziruka huwa ni zile ngumu.

Sasa hesabu ya vipindi. Baada ya mtaala kupunguzwa mwaka 2024, madarasa ya chini yana maeneo 7 ya kujifunza, Gredi ya 4 hadi 6 yana 8, na sekondari msingi ina 9. Mtoto wa Gredi ya 5 shuleni hupata vipindi 35 kwa wiki vya dakika 35: Kiingereza 5, Hisabati 5, Kiswahili 4, Sayansi na Teknolojia 4, Kilimo na Lishe 4, Maarifa ya Jamii 3, Elimu ya Dini 3, Sanaa Bunifu 6, na kimoja cha malezi. Ukijumlisha ni saa 20 na dakika 25. Hizo saa usizinakili nyumbani. Mwalimu wa shule ana watoto arobaini au zaidi wa kunyamazisha, kuwaita majina na kuwasahihishia. Wewe una mmoja au watatu. Kwa Gredi ya 5, saa tatu hadi nne za mezani kwa siku zinatosha, kilimo na sanaa vikifanywa nje ya meza. Kwa Gredi ya 1, saa mbili ni nyingi. Unachopaswa kunakili ni uwiano: kama shule inakipa Kiswahili vipindi vinne kwa wiki, wewe usikipe kimoja cha Ijumaa jioni mtoto akiwa amechoka.

Hati ya KICD na namna ya kuisoma

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) huweka mitaala ya kila gredi na kila somo kwenye tovuti yake, bure. Ni hati ndefu, na mzazi anayechapisha zote saibani hutoka na mzigo na deni. Usizichape zote. Mwanzoni mwa hati za sasa kuna jedwali la mada na mada ndogo pamoja na idadi ya vipindi vinavyopendekezwa. Chapa ukurasa huo tu, mmoja kwa kila somo, ubandike ukutani. Hiyo ndiyo ramani ya mwaka.

Kila mada ndogo ndani ya hati ina matokeo yanayotarajiwa, shughuli zinazopendekezwa, na mwishoni jedwali la tathmini lenye ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Mzazi asiye mwalimu huziruka kurasa hizi za tathmini kwa kuwa zimejaa maneno yanayorudiwa. Asome hizo kwanza. Humo ndimo unapojua kama Gredi ya 5 inatakiwa kujumlisha sehemu au kuzilinganisha tu, na jambo hilo kitabu cha kiada hakikwambii kwa wazi.

Chukua Hisabati kama mfano. Vipindi 5 kwa wiki kwa wiki 30 ni vipindi 150. Mada ya Namba hula nafasi kubwa, kisha Vipimo, halafu Jiometria na Takwimu. Hati itakupangia Namba kwanza zote, nao walimu wengi hufuata hivyo. Nyumbani unaweza kufanya vizuri zaidi: peleka Namba siku tatu za wiki, Vipimo siku mbili, sambamba. Mtoto aliyechoka na kugawanya Jumanne anapima debe la maji Jumatano. Na pale jedwali linapotoa vipindi vichache kwa mada iliyo kwenye karatasi yako ya mapengo, ongeza, ukipunguza kwenye ile anayoijua tayari. Uhuru huo ndio sababu ya kumsomesha nyumbani; mzazi asiyeutumia anajitesa bure.

Mpango wa mwaka uwe ukurasa mmoja kwa kila mtoto: miezi kwa upande mmoja, masomo kwa upande mwingine, na kwenye kila kisanduku mada moja au mbili. Usiandike maandalio ya masomo ya mwaka mzima. Nimeona mafaili mazuri ya rangi rangi yaliyoandaliwa hadi Novemba na kutupwa Machi. Andaa kwa undani wiki sita tu. Wiki ya saba fundisha kidogo, pima, kisha andaa sita nyingine. Katika mwaka wa wiki 30 hivi utakuwa na vipande vinne, na wiki mbili za akiba zisizoitwa jina lolote.

Watoto watatu, meza moja

Nyumba yenye mtoto mmoja ni rahisi. Nyumba nyingi zina watatu, na mama mmoja. Tuseme kuna wa Gredi ya 2, wa Gredi ya 5 na wa Gredi ya 8. Ukiwapangia kila mmoja ratiba yake kamili, utafundisha masomo 24 kwa wiki na kufikia Februari utakuwa umelala. Gawa masomo makundi mawili. Hisabati na lugha hutegemea hatua ya mtoto; hayo kila mtu na lake. Maarifa ya Jamii, Sayansi, Kilimo, Sanaa na Dini yanaweza kufundishwa kwa mada moja, kila mtoto akipewa kazi ya kiwango chake.

Mfano mada iwe udongo na maji. Wote wanaandaa bustani ya gunia la sukumawiki nje. Wa Gredi ya 2 anachora na kutaja. Wa Gredi ya 5 anapima urefu wa mche kila Ijumaa, anaandika kwenye jedwali, na hiyo ni takwimu yake ya Hisabati. Wa Gredi ya 8 anaandika ripoti, anakadiria gharama na mapato, na anajaribu magunia mawili, moja lenye mbolea ya samadi na moja bila. Wiki nne za kazi hiyo zinagusa Sayansi, Kilimo, Hisabati na insha. Mwaka una nafasi ya miradi mikubwa kama minne au mitano, basi. Ipange kwa msimu: bustani wakati wa mvua za masika, vyakula na uhifadhi wakati wa mavuno, historia na safari wakati wa ukavu.

Ratiba ya asubuhi ipangwe kwa mzunguko. Mkubwa anaanza na kazi anayoweza peke yake ukiwa na mdogo kwenye kusoma; kisha mdogo anaenda kucheza au kusikiliza hadithi ya redio nawe ukiwa na wa kati kwenye Hisabati; kisha wa kati anafanya mazoezi nawe ukikaa na mkubwa. Kila mtoto akipata dakika 30 zako mara mbili kwa siku bila kuingiliwa, inatosha. Simu iwe chumba kingine. Shangazi wakizoea kwamba wewe uko nyumbani tu, hivyo huna kazi, waeleze kwa upole kwamba kabla ya saa saba mchana huitwi. Waeleze Desemba wakati wote mko pamoja, si Februari kwa hasira.

Mtoto wa sekondari msingi ana suala la pekee, Sayansi Jumuishi. Kuna majaribio ambayo jiko haliwezi kuyabeba. Tafuta mapema shule yenye maabara au mwalimu wa sayansi anayekubali kukutana na watoto watatu au wanne wa familia mbalimbali siku moja kwa wiki mbili, na mgawane gharama. Na kwa kuwa Gredi ya 10 humtaka achague njia moja kati ya tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, mwaka wa Gredi ya 8 uwe na nafasi ya kuonja zote tatu.

Kiswahili kisiwe yatima

Katika nyumba nyingi za masomo ya nyumbani, Kiswahili ndicho hufa kwanza. Mzazi anasema mtoto anakizungumza, atajifunza tu. Kukizungumza sokoni si kuandika insha ya barua rasmi wala kutambua upatanisho wa ngeli. Panga vipindi vinne, na kila kimoja kiwe na sura yake: kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika, sarufi, kama mtaala wenyewe ulivyogawa.

Vifaa vya bure vipo vingi kuliko watu wanavyodhani. African Storybook ina hadithi za Kiswahili za viwango mbalimbali ambazo unaruhusiwa kuzichapa. Vipindi vya Ubongo Kids kutoka Tanzania hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kinachoeleweka na watoto. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada mtandaoni, na kwa kuwa shule nyingi za msingi za huko hufundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, mtoto wa Kenya akipitia kitabu kimoja atapata istilahi ambazo mtaala wake wa Kiingereza haumpi: pembetatu, kizio, usanisinuru. Kwa mkubwa, nunua nakala ya Taifa Leo mara moja kwa wiki, asome habari moja kwa sauti na kuifupisha kwa aya.

Vitabu na fedha

Sasa ndiyo nenda dukani, ukiwa na orodha. KICD huchapisha orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, maarufu kama Orange Book. Kitabu kimoja cha mwanafunzi kwa kila somo kutoka humo kinatosha. Ongeza mwongozo wa mwalimu kwa Hisabati na Kiingereza hata kama utaacha mingine yote. Mwongozo ndio unaomfundisha mzazi.

Vitabu vikuukuu vya barabarani ni nafuu, lakini angalia mwaka. Vilivyochapwa kabla ya mabadiliko ya 2024 vinaweza kuwa na mgawanyo wa zamani: Sayansi Kimu ikiwa peke yake, Muziki peke yake, na katika sekondari msingi Biashara na Kompyuta vikiwa masomo kamili kabla havijaingizwa kwenye Mafunzo ya Awali ya Kiufundi. Maudhui mengi bado ni mazuri. Ila usitegemee kitabu hicho kama ramani. Kilinganishe na jedwali lililo ukutani.

Katika bajeti wazazi hukumbuka vitabu na kusahau uchapishaji, bando la intaneti, nauli za safari za masomo, na ada za mitihani na vituo. Weka ada za mitihani kando kila mwezi tangu Januari. Safari chagua mbili au tatu zinazoshikamana na mada, si za kupiga picha. Familia ya pwani inayosoma kuja kwa Wareno ina Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, na magofu ya Gede. Ya bonde la ufa ina Olorgesailie na Kariandusi, yenye zana za mawe za watu wa kale. Nenda baada ya kusoma, mtoto akiwa na maswali matano aliyoyaandika mwenyewe.

Jalada

Kila mtoto awe na faili moja. Ndani weka nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba ya UPI, ukurasa wa mpango wa mwaka, rejista ya siku za masomo, orodha ya vitabu alivyosoma, na kila mwezi kazi mbili kwa kila somo zenye tarehe: moja nzuri, moja iliyomshinda. Ile iliyomshinda ina faida zaidi, kwa sababu Oktoba utaiweka kando ya kazi mpya na kuona alikotoka. Picha za miradi ziandikwe nyuma tarehe na maelezo mafupi. Mwisho wa kila kipande cha wiki sita, jaza zile ngazi nne kwa kila mada ndogo mliyoimaliza, na usimpendelee mwanao. Ngazi ya kukaribia matarajio si aibu. Inakwambia tu kipande kijacho kianzie wapi.

Ikiwa kuna uwezekano mtoto atarudi shuleni mwaka unaofuata, usingoje Januari. Ipigie shule Septemba, uliza wanafanyisha usaili lini na kwa masomo yapi, na kama watamweka kwenye gredi ya umri wake au watamrudisha nyuma. Nenda na faili hilo mkononi, na mruhusu mtoto mwenyewe alifungue mbele ya mwalimu na kueleza kazi zake.